Nimetapeliwa mtandio Chennai, nikaifuata kalamkari mpaka kwao Srikalahasti

Jumapili, Chennai

Wenzangu wa batiki naombeni msinicheke, leo nimepigwa, na nimepigwa kwenye kitu ambacho ndio kazi yangu.

Nipo huku India na Bi Mkubwa, jicho la kushoto lilikuwa linamsumbua tangu mwaka juzi, ukoo mzima tukachangishana tukaja. Operesheni ilikuwa Ijumaa, imeenda vizuri alhamdulillah, daktari kasema asiiname, asibebe kitu, asitoe kifuniko cha jicho, turudi Jumamosi. Yaani wiki nzima ya kukaa chumba cha kupanga tunaangalia tamthilia za Kitamil, hatuelewi hata neno, mama anaangalia na jicho moja na bado anacheka kuliko mimi. Mdogo wangu wa kiume anasoma chuo huku, kwa hiyo yeye ndio mkalimani, mpishi na mtia matone ya dawa.

Basi leo nikatoroka kidogo kwenda T. Nagar, ni Kariakoo ya huku, unatembea kwa kusukumwa. Kwenye duka moja nikaona mtandio wa pamba, rangi za udongo, nyekundu iliyopoa, nyeusi, tausi wamepangana ukingoni, muuzaji akaniapia hii ni kalamkari dada yangu, imechorwa kwa mkono, kwa kalamu, rangi zote za mizizi na maganda. Rupia elfu tatu na mia tano. Nikabembeleza ikafika elfu tatu nikatoka najiona mjanja wa mjini.

Kufika nyumbani, mama mwenye nyumba wetu (ni mtu wa Andhra, jimbo la jirani, kaolewa huku) akaushika, hakusema kitu, akaugeuza. Nyuma peupe. Rangi imelala juu tu kama rangi ya kucha. Halafu akaniambia waangalie tausi machoni. Nikaangalia, kila tausi ana kidoa pembeni ya jicho, palepale, ukubwa uleule, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, nikawahesabu wako arobaini. Mkono wa mtu unakosea sana tu, ila haukosei hivyohivyo mara arobaini. Ile ni skrini, fremu ya kuchapia, imepigwa mita kwa mita kiwandani.

Miaka tisa nauza batiki jamani! Mtu akija na kitenge cha mashine anajifanya batiki namjua akiwa bado barabarani.

Mama mwenye nyumba akasema kama unataka kuiona yenyewe nenda Srikalahasti, kuna mzee ni jamaa wa shemeji yake, anachora tangu utoto, atampigia simu. Mimi nikasema siwezi kumwacha mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe akajibu kutoka kitandani: "Nenda. Fundi mzima umeuziwa karatasi, nenda kajifunze, mi siwezi kurudi Dar na aibu hii."

Jumatatu, njiani

Basi nimepanda stendi ya Madhavaram asubuhi, ni kama masaa matatu na ushee kuelekea kaskazini. Mpaka wa Tamil Nadu na Andhra Pradesh nimeujua kwa vibao vya maduka, ghafla herufi zikabadilika, za Kitelugu ni duara duara zimejaa kama mtu kapanga vitumbua kwenye sinia. Kondakta ananiita akka, maana yake dada mkubwa, na baadaye nimegundua kila mtu ananiita akka, nimezoea kabla sijashuka.

Nikashuka nikachukua bajaji. Tena bajaji yenyewe kwao kwa asili, dereva nikamwambia kwetu tunaziita hivyohivyo, bajaji, akafurahi kama nimemtajia ndugu yake.

Mji wenyewe ni mji wa hekalu. Watu wanatoka mbali kuja kufanya ibada ya Rahu na Ketu, hao kwa imani yao ndio wanaosababisha kupatwa kwa jua na mwezi na mikosi mingine ya maisha, kwa hiyo mitaa imejaa wauza maua, nazi, ubani na nyumba za wageni. Jina la mji nimelipenda: Sri ni buibui, Kala ni nyoka, Hasti ni tembo, wanyama watatu waliomwabudu mungu wao Shiva hapo kila mmoja kwa namna yake, buibui akawa anamfumia utando. Mji unaotengeneza nguo unaanza na buibui, sikuongeza neno. Mnara mkubwa wa mbele wa hekalu ulianguka mwaka 2010, wa miaka karibu mia tano ule, wakajenga mpya ukazinduliwa 2017, kwa hiyo ule unaouona leo unang'aa kuliko mji wenyewe.

Sikukuu ya mavuno imepita juzi juzi tu, kila mlango una michoro ya unga chini, nyota na maua ya nukta nukta, na asubuhi wanawake wanachora upya. Nikajisemea huku kila mtu anachora, mzee wangu atakuwa na wapinzani.

Nimelala mapema. Chakula cha hapa pilipili yake siyo ya mzaha.

Jumanne

Mzee anafanyia kazi barazani kwake. Yuko na binti yake wa kama miaka thelathini hivi, yeye ndio anaongea Kiingereza, mzee anaongea Kitelugu na mikono. Nimewapelekea mfuko wa korosho nilizotoka nazo nyumbani, mzee akala moja akaniuliza mbona hamna chumvi, tukawa marafiki.

Nilikuwa nategemea nikute rangi. Mimi kwangu ukiingia unakuta ndoo sita za rangi, glovu, kostiki soda, nta inachemka kwenye jiko. Pale nikakuta harufu ya maziwa. Nikadhani wanachemsha chai.

Kumbe nguo ndio inanyweshwa maziwa. Inaanza hivi, pamba nyeupe mpya inafuliwa kwanza itoke ule ugumu wa dukani. Nikamuuliza binti ule ugumu mnauitaje akasema ganji, uji wa wali. Na sisi tunasema kanji! Kanga mpya ina kanji, unailoweka itoke. Nikamwambia akamwambia baba yake, mzee akatikisa kichwa ule mtikiso wao wa ndiyo-hapana-sawa.

Halafu kuna tunda kavu linaitwa karakkaya, limekunjamana kama kokwa la embe dogo. Wanalisaga, wanachanganya na maziwa ya nyati, mabichi, yenye mafuta. Nikaonja kale kaunga kwa udadisi, ulimi ukakauka wote ukashikana na fizi, ukali uleule wa bibo bichi, na wanaokaa kusini wanajua bibo likikudondokea kwenye shati ndio basi tena. Ni hicho hicho wanachokitafuta, ule ukali ndio unaoshika rangi. Na maziwa kazi yake ni mafuta, yanaziba pamba ili wino usitambae.

Sikuamini habari ya mafuta. Nikasema hii si ni mila tu. Binti hakubishana, akanipa vipande viwili vya nguo ukubwa wa leso ya mfukoni, kimoja kimelowekwa kwa tunda na maziwa, kingine tunda tupu na maji, akanipa kalamu, chora.

Kalamu yenyewe sasa. Ni kijiti cha mwanzi, kirefu kama penseli mpya, kimechongwa ncha, na juu kidogo ya ncha kimefungiwa donge la sufi na uzi ukazungushwa mara nyingi likawa kama kivimbe. Unachovya, donge linakunywa wino, halafu ukiwa unachora unaliminya na vidole taratibu wino unashuka mpaka kwenye ncha. Ya ncha nyembamba ni ya mistari, ya ncha butu ni ya kujazia. Nikamuuliza mzee inaitwaje, akasema "kalam". Nikarudia, kalamu. Akarudia, kalam. Tukawa tunapeana neno moja kama watoto. Neno limetembea na Waajemi na Waarabu, kwao likashuka bara mpaka enzi za masultani wa Golconda, kwetu likaja na dau, na "kari" ni kazi kwa Kiajemi. Kazi ya kalamu, basi, hakuna siri nyingine kwenye jina.

Wino mweusi wanauita kasimi. Sukari guru, vyuma vyenye kutu (misumari, vipande vya jembe, chochote) na maji, vinakaa kwenye chungu wiki mbili tatu mpaka vichache, mzee akafunua kifuniko nikapata harufu ya togwa iliyosahaulika. Ukiuangalia sio mweusi hata, ni kimaji cha kahawia. Ila unapogusa ile nguo ya karakkaya, mstari unatoka kijivu, unahesabu moja mbili tatu, unazidi kukolea, baada ya muda ni mweusi wa makaa. Kutu inakutana na ule ukali wa tunda wanazaa weusi ndani ya uzi wenyewe. Haupakwi juu kama rangi ya ukuta, ndio maana nyuma nako unaonekana.

Nikachora mstari kwenye kipande kisicho na maziwa. Ukatambaa kama mchuzi kwenye kitambaa cha meza, ukaota ndevu pande zote mbili. Kwenye cha maziwa ukakaa pale pale nilipouweka. Binti hakusema kitu, alitabasamu tu akaendelea na yake, na mimi nikasema mafuta, sawa, nimeelewa mafuta.

Kwenye kile kizuri nikaamua niandike jina. Kwa sababu mzee ananionyesha kitambaa kikubwa cha Ramayana, ile hadithi yao ya kale ya mfalme Rama, kimegawanywa vyumba vyumba, na chini ya kila picha kuna ukanda wa maandishi ya Kitelugu unaeleza picha inasema nini, nikaona hii si kanga hii? Nguo isiyo na jina kwetu ni pazia. Nikaandika NANI KAMA MAMA, taratibu, ulimi nje kama mtoto wa chekechea, nikafika A ya mwisho nikaminya donge kwa furaha, tone likashuka, pwaa. A ya mwisho ikawa doa jeusi.

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Nikamuuliza inafutika? Binti akanitafsiria jibu: mkaa unafutika, kasimi haifutiki. Wao huwa wanachora kwanza kwa mkaa wa vijiti vya ukwaju vilivyochomwa, wanakosea hapo, wanapangusa, wanakosea tena, wakishafika kwenye kasimi ndio wameamua. Mimi nimeruka mkaa.

Jumatano

Leo hakuna kazi, karibu hakuna kazi. Mzee amepaka shabu. Shabu hii hii tunayoijua ya kusafishia maji, imeyeyushwa, anaipaka kwa kalamu butu kila mahali ambapo panatakiwa pawe pekundu, na ukiangalia hauoni chochote, maji tu yanakauka. Anachora wekundu ambao haupo bado. Kaenda na sari ya Sita, mke wa Rama, kilemba cha Ravana, yule adui yao, ukingo wote, anakumbuka kapita wapi na wapi bado, mimi kwenye batiki nikiacha dakika mbili nimesahau.

Kisha inaachwa. Siku nzima au zaidi. Nikauliza hakuna namna ya kuharakisha, jua kali, feni? Akasema ipo, wapo wanaotumia rangi za dukani na skrini, siku moja wamemaliza. Hakuwa na hasira, alisema kama mtu anayekwambia jirani yake amehamia mji mwingine. Hasira alikuwa nayo kwa wa Pedana, kule karibu na Machilipatnam, wao wanagonga mihuri ya mbao za msaji na wanaita pia kalamkari, mzee anasema huo ni muhuri, kalamu iko wapi? Hapo mimi nilikuwa kinyume naye kimoyomoyo, maana kuchonga muhuri wa mti kwa mkono ukapatana na mwenzake bila mshono kuonekana ni kazi ya kutoa machozi, na rangi zao za mimea wanazo pia. Mtandio wangu wa tausi hauko Pedana wala Srikalahasti, huo uko kwenye mashine.

Jioni nikaenda hekaluni na binti, mpaka nje tu. Akanisimulia Kannappa, mwindaji wa porini hapo, kila siku analeta nyama anamtolea Shiva, hajui taratibu, siku moja akakuta jicho la sanamu linatoka damu. Akang'oa jicho lake mwenyewe akaliweka pale, damu ikakata. Jicho la pili la sanamu likaanza. Sasa akishang'oa na la pili atakuwa kipofu, atajuaje pa kuliweka? Akaweka kidole cha mguu palepale kwenye jicho la sanamu ili apajue, akashika mshale, ndipo Shiva akamzuia. Nilisimama pale nikamfikiria Bi Mkubwa na kifuniko chake nikapiga simu. Yuko salama, anaangalia tamthilia, anataka kujua yule mama mkwe wa Kitamil kama atakufa leo.

Usiku usingizi haukuja nikasoma soma kwenye simu. Nguo za pwani hii ziliwachanganya Wazungu kwa sababu moja tu, ukifua rangi haitoki. Ufaransa ikazipiga marufuku 1686, Uingereza ikatunga sheria ya kukataza kuzivaa mwaka 1721 kwa sababu wafuma sufu na hariri walikuwa wanaandamana, na bado wanawake walikuwa wanazitafuta. Bandari yenyewe ilikuwa hiyo Machilipatnam, ambayo mwaka 1864 ilipigwa na kimbunga na bahari ikapanda, watu kama elfu thelathini wakafa. Na huku kwenye mahekalu kazi ilidorora mpaka wachoraji wakabaki wa kuhesabu, hadi miaka ya 1950 mama mmoja aliyepigania uhuru, Kamaladevi Chattopadhyay, akasukuma serikali ikafungua kituo cha mafunzo hapa Srikalahasti. Baba yake mzee ni wa kizazi hicho. Na bingwa wa mji huu, Jonnalagadda Gurappa Chetty, alipewa tuzo ya taifa ya Padma Shri mwaka 2008, picha yake binti kanionyesha kwenye simu kama sisi tunavyoonyeshana picha za wachezaji.

Alhamisi

Siku ya mto. Nimechoka mpaka kucha.

Saa kumi na moja alfajiri tumefunga nguo kwenye bajaji, mimi, binti, na kina mama wawili wanaofanya kazi ya maji tu, kuchora hawachori. Mto wenyewe Swarnamukhi ni mchanga mpana, maji yanapita katikati kama mfereji, tukatafuta mahali yanapotembea kwelikweli. Lazima yatembee. Nguo yenye shabu unailaza ndani ya mkondo, shabu iliyozidi inaondoka na maji, ukifulia kwenye beseni ile shabu inahamia pasipotakiwa na kesho panakuwa pekundu. Yule mama mkubwa wa maji anaishika nguo ncha mbili tu, hasugui, anaiachia mto unaifua wenyewe, anaitikisa kidogo kama mtu anayempepea mtoto. Nikajaribu, nikaikunja, nikapigwa kikofi mkononi. Kikofi halali.

Baadaye kuchemsha. Sufuria kubwa la shaba, kuni, na ndani mizizi na magome ya kutoa wekundu, maji yana rangi ya chai ya rangi iliyokaa sana. Nguo inaingia ikiwa na mistari myeusi na huku kwingine kama imechafuka tu. Mama anaigeuza na mti mrefu, moshi unatuingia machoni, mimi najisemea hakuna kitu hapa. Kisha akaiinua na ule mti.

Jamani. Sari ya Sita nyekundu. Kilemba chekundu. Ukingo mwekundu, kila ua mahali pake, na pale ambapo mzee hakupita na shabu pamebaki na kijiwekundu hafifu tu kama shavu. Ile maji tupu aliyoichora jana mbele ya macho yangu sikuiona, imejitokeza yote. Nilipiga kelele, wale kina mama wakafurahi sana kumpata mtu wa kushangaa, nadhani wao wamezoea.

Sasa kile kijiwekundu hafifu kinatolewaje? Jibu lake ni mavi. Mavi ya ng'ombe na kondoo yanakorogwa kwenye maji, nguo inalala humo usiku, kesho inafuliwa mtoni, inaanikwa mchangani, inanyunyiziwa maji ikikauka, inanyunyiziwa tena, jua na mavi vinang'arisha pale pasipo na rangi na pekundu hapaguswi. Mimi nimekaa na jiki nyumbani miaka yote hii. Niliingiza mikono mpaka kwenye viwiko, na niseme ukweli harufu yake haishindi kostiki soda, kostiki inakukata kifua, hii inakukumbusha tu kijijini kwa bibi.

Na kile kipande changu cha NANI KAMA MAM-doa nikakitumbukiza na chenyewe kwenye mkondo asubuhi, nikitegemea kwa siri lile doa litaondoka na mto. Herufi hazikutikisika, na doa nalo vilevile.

Ijumaa

Njano na bluu. Nguo (sio ile ya jana, ile bado iko mavini, hapa barazani zipo tano kila moja na hatua yake, maana moja inaweza kuchukua wiki kadhaa mpaka mwezi) imerudishwa tena kwenye maziwa, ili rangi za mwisho nazo zisitambae. Njano inatoka kwenye maua ya mti uleule wa karakkaya, na maganda ya komamanga. Mzee anaipaka kwenye ngozi za wanawake, kwao mwanamke anachorwa njano ya dhahabu, miungu bluu, majini na wabaya wekundu au kijani, kwa hiyo hata kama hujui kusoma Kitelugu unajua nani wa kumwogopa. Kijani ni njano ikapitiwa na nili.

Nili ni ile ile ya kaniki. Bibi yangu alikuwa na kaniki ya shambani imechakaa mpaka imekuwa kama hariri, ikilowa inaacha bluu kwenye mapaja, na nguo zile zilikuwa zinakuja Zanzibar na pwani yote kwa majahazi kutoka India hii hii. Mzee amekiri, mwenyewe bila kuulizwa, kwamba nili ya mmea ina usumbufu na bei, siku nyingine bluu wananunua iliyo tayari. Nilimpenda zaidi kwa kusema. Yule wa T. Nagar aliniapia kila kitu.

Nilitaka kununua Ramayana yote, bei yake tukatazamana tukacheka. Nimechukua kipande kimoja, Kannappa, mguu juu, mshale mkononi, jicho moja limeshatoka. Rupia elfu nne na mia tano. Sikubembeleza hata shilingi, niliwaza yule mama ameshika ncha mbili mtoni. Nikakigeuza kwanza, binti akanicheka, nyuma weusi na wekundu vimepenya vyote.

Mzee akaniongezea kalamu moja ya ncha nyembamba. Akaniuliza kwenye batiki zangu nachora na nini, nikasema kwa brashi na mihuri ya sponji, akatikisa kichwa, safari hii nadhani ilikuwa hapana.

Basi la usiku, nimefika saa saba, mdogo wangu kanifungulia mlango kalala amesimama.

Jumamosi, Chennai

Kifuniko kimetolewa saa nne asubuhi. Daktari amemwonyesha vidole, vitatu, akasema vitatu. Viwili, akasema viwili na saa yako imesimama daktari. Kweli ilikuwa imesimama.

Tumerudi chumbani nikamtandikia Kannappa kitandani. Kabla hata hajaangalia akanusa. "Mbona nguo inanuka maziwa?" Nikaanza kumweleza nyati, karakkaya, akanikatiza, akaona kile kipande kidogo kimechomoza kwenye begi akakivuta. Akakisogeza dirishani, akafunga jicho la kulia kwa kiganja, akasoma na lile jipya, herufi kwa herufi.

"Nani... kama... mam." Akanyamaza. "Hapa umeharibu."

"Tone lilidondoka."

"Ni hapa tu au umeharibu mahali arobaini?"

"Hapo tu mama."

Akakigeuza kuangalia nyuma.